Deraya ya Mwanaanga kwa Joto la Mombasa: Mwongozo Kamili wa Kuiunda, Kuifunga Mwilini na Kuivaa

Mafunzo mengi ya kutengeneza deraya, yaani mavazi ya kivita, za hadithi za kisayansi yametungwa na watu wa nchi za baridi. Huko mtu hujifunika kuanzia utosini hadi nyayoni, akaingia ukumbi wa maonyesho na kushinda nayo kutwa. Jaribu hivyo Mombasa mwezi wa Machi, mchana ukiwa na nyuzi 32 au 33 na hewa nzito kwa unyevu, na utaanza kuvua kabla hujafika getini. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mwili na jasho lake. Rangi na taa zinavutia macho, lakini kinachoamua kama deraya itavaliwa au itatundikwa ukutani ni jinsi inavyokaa mwilini na jinsi hewa inavyopita ndani yake.

Malighafi yetu ni povu la EVA. Unalijua tayari: ndilo linalotengenezewa ndara, na ndilo lile la mikeka ya watoto yenye meno ya kushikana, vipande vya sentimita 60 kwa 60. Ni jepesi, linakatika kwa kisu, likipashwa moto hulainika na likipoa hubaki na umbo ulilolipa. Deraya nzima ya povu kwa kawaida haizidi kilo 5. Wapo wanaotumia fiberglasi au plastiki ngumu, na kazi zao zinang'aa kweli, lakini kwa hali yetu ya hewa sioni sababu ya mtu kuanzia huko.

Chora kwanza, na uchore na mapengo

Chukua karatasi, uchore mwili kwa mbele, kwa nyuma na kwa ubavu. Kabla hujachora deraya yenyewe, tia kivuli sehemu ambazo hazitafunikwa kamwe: makwapa, ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, mbavu zote mbili na shingo. Hapo ndipo mwili unapojikunja na ndipo joto linapotokea. Sasa chora vipande vya deraya kwenye sehemu zilizobaki: kifua, mgongo, mabega, mikono chini ya kiwiko, mapaja kwa mbele, na miundi. Macho ya mtazamaji hujaza mengine yenyewe. Nguo nyeusi ya kubana chini ya vipande hivyo huyafanya mapengo yaonekane kama sehemu ya mtambo.

Kwa sehemu ambazo lazima zifunikwe na pia zijikunje, kama tumbo au bega, nenda soko la samaki ukamtazame kambakoche. Mgongo wake una magamba mengi membamba, kila moja limelalia ukingo wa lenzake, na ndani yameshikwa na ngozi laini. Akijikunja, magamba yanateleza, pengo halionekani. Wafua chuma wa deraya za kale walifanya vivyo hivyo. Kwa povu, kata mabamba ya upana wa sentimita 6 hivi, kila moja lilalie lenzake kwa sentimita 2, na kwa ndani yashikwe na mistari mitatu ya lastiki pana: mmoja katikati na mmoja kila upande. La juu lilalie la chini, ili mvua na jasho viteremke nje.

Vitu vya kununua

Povu la unene wa aina tatu: milimita 10 kwa kifua na mgongo, milimita 5 au 6 kwa mikono na miguu, milimita 2 au 3 kwa mapambo. La 10 ni ile mikeka ya watoto. Mengine waulizie wanaowauzia mafundi viatu vifaa; huuzwa kwa shiti. Libonyeze kwa kidole: zuri hurudi upesi bila kuacha shimo. Lile linalobaki na alama ya kidole ni jepesi mno, litakunjamana ukilipasha.

Gundi ya viatu, ile ya kopo inayopakwa pande zote mbili. Kisu cha wembe wa kuvunjika pamoja na nyembe za akiba nyingi, maana povu hula makali haraka kuliko unavyodhani. Bloa ya joto. Draya ya nywele inatosha kwa povu jembamba tu. Msasa, rula ya chuma, futi ya fundi cherehani, selotepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi magari, na kadibodi kutoka duka lolote la jumla.

Mikanda ya begi ya inchi moja, bizimu za plastiki, velkro, lastiki na turubai jepesi utavipata Mtaa wa Biashara na vichochoro vyake, penye vitambaa vyote vya mji huu. Nguo ya ndani itafute Kongowea kwenye mitumba ya spoti: fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, zote za poliesta nyembamba. Pamba ina sifa nzuri, lakini ikishalowa jasho haikauki, na utatembea na kitambaa kizito kilichogandamana na mgongo.

Vipimo na kiolezo

Hapa usiwe na haraka. Mtu akikuambia deraya yake inambana au inamcheza, karibu kila mara tatizo lilianza siku ya kupima.

Vaa kwanza zile nguo za ndani, na viatu utakavyotumia. Pima kifua umevuta pumzi hadi mwisho. Pima mkono ukiwa umekunja ngumi, na muundi ukiwa umechuchumaa, kwa sababu misuli hufura. Kisha vaa juu yake fulana kuukuu usiyoijali, na umwombe mwenzako akuzungushie selotepu ya karatasi kifuani na mgongoni, tabaka mbili tatu, bila kuivuta sana. Simama wima, mikono imeachana na mwili kidogo. Chora kwa kalamu juu ya selotepu hiyo mistari ya deraya: wapi kifua kinaishia, wapi bega linaanza, na mstari wa katikati kutoka koromeo hadi kitovu. Weka alama ndogo za kuvuka mistari, ili ujue baadaye kipande gani kinakutana na kipi. Mwenzako akate mgongoni kwa mkasi, uvue, kisha ukate kufuata mistari. Vipande vikilala bapa mezani ndivyo kiolezo chako. Kisipolala bapa, kikabaki na tumbo, pasua mstari kutoka ukingoni mpaka kilale, pengo likifunguka kama pembetatu. Pembetatu hiyo ndiyo itakayolipa povu umbo la mviringo utakapoziunganisha kingo zake.

Fanya nusu moja tu ya mwili, kulia au kushoto, halafu geuza kiolezo upate upande wa pili. Ukipima pande zote mbili utapata deraya iliyopinda, kwa sababu hakuna mwili wenye pande sawa.

Sasa hesabu ambayo wengi huiruka. Kiolezo kimepimwa kwenye ngozi, lakini povu lina unene. Likikunjwa kuzunguka mwili, uso wa ndani hubanana na wa nje huvutika. Mstari usiobadilika urefu uko katikati ya unene. Kwa povu la milimita 10, katikati ni milimita 5 kutoka mwilini, na mzunguko huongezeka kwa 2 × 3.14 × 5, yaani takriban sentimita 3. Kwa povu la milimita 6 mkononi ni karibu sentimita 2. Ongeza kiasi hicho kwenye mzunguko mzima, ukigawanye sawasawa kati ya vipande, kisha uongeze nafasi ya hewa. Kifuani mimi huacha sentimita 2 kati ya mwili na povu pande zote, na hiyo peke yake ni zaidi ya sentimita 12 za mzunguko. Usiogope ukubwa huo. Hautaonekana, kwa sababu mbavu tumeziacha wazi na mbele na nyuma haviungani.

Kata kiolezo kwenye kadibodi, kishikanishe kwa selotepu, ukivae. Kisha fanya mambo ambayo utayafanya siku yenyewe: keti kitini, inuka, inua mikono yote juu, jikumbatie, okota kitu sakafuni, kunywa maji, ingia kwenye tuktuk. Na choo. Kama kwenda haja ndogo kutahitaji watu wawili na robo saa, rudi mezani. Kadibodi haina aibu, ikate na kuiunga mpaka iridhishe, ndipo ugeukie povu.

Kukata

Chora kiolezo kwenye povu kwa kalamu ya wino wa fedha au kalamu ya kawaida. Shika kisu kimesimama wima na uvute kwa mkono mrefu, si kusugua mbele na nyuma. Kwa povu la milimita 10 pitisha mara mbili au tatu, kila mara ukizama zaidi. Ukisikia kisu kinakwaruza na povu linatoa meno, makali yamekwisha. Vunja kipande cha wembe. Mafundi viatu hunoa visu vyao kwenye kinoo kila baada ya muda mfupi, na ukimtazama mmoja akikata soli kwa mkupuo mmoja utaelewa kwa nini.

Pale vipande viwili vinapokutana kwa pembe, kama ukingo mkali wa kifua, laza kisu nyuzi 45 katika vyote viwili. Vikiungana utapata kona safi. Usiyaache meno ya mikeka ukidhani utayatumia kuunganishia. Yaondoe yote kwanza, pamoja na ukingo wake.

Kupasha na kukunja

Fanya kazi hii nje au dirisha likiwa wazi. Povu likiungua hutoa moshi mbaya, na bloa ya joto haina mchezo na vidole.

Washa bloa, ishike umbali wa shubiri moja na uitembeze bila kusimama. Mwanzo hakuna kinachotokea. Kisha utaona uso wa povu unabadilika: ule ukavu wenye vumbi unaondoka na mng'ao mwembamba unaenea nyuma ya hewa moto, kama unavyoona sakafu ikipigwa deki. Mng'ao huo ndio ishara yako. Vitundu vya juu vimeziba, na povu limelainika kiasi cha kukunjwa. Likianza kutoa mapovu madogo au kubadilika rangi, umezidisha. Pasha pande zote mbili, kisha likunje juu ya kitu chenye umbo unalotaka: bega juu ya sufuria, mkono juu ya chupa, goti juu ya goti lako mwenyewe ukiwa umevaa suruali nene. Lishikilie mpaka lipoe, dakika moja hivi. Kitambaa kibichi juu yake huharakisha. Likunje zaidi kidogo ya unavyotaka, maana hurudi nyuma.

Kunja kabla ya kugundisha. Gundi ya viatu hulegea kwa joto, na ukiupasha ushono ulioungwa tayari utafunguka mbele ya macho yako.

Hapa pia ndipo mistari ya mitambo inapozaliwa. Kabla ya kupasha, kata mstari usiozidi nusu ya unene wa povu, mwembamba kiasi kwamba hauonekani vizuri. Pitisha joto juu yake. Mstari utafunguka wenyewe, kingo zikajikunja nje kidogo, na utabaki na mfereji laini unaofanana kabisa na mahali mabati mawili ya chombo cha angani yanapokutana. Ukishauona mara moja utataka kuchora mistari kila mahali. Jizuie: mistari michache inayofuata maungo ya mwili hupendeza kuliko mingi isiyo na sababu.

Gundi

Kingo zote mbili zisuguliwe kwa msasa, zipanguswe vumbi, zipakwe gundi nyembamba. Subiri. Dakika 10 hivi zinatosha siku kavu. Gusa kwa mgongo wa kidole, inate kidogo bila kukufuata. Anza kuunganisha kwenye alama zako, katikati kwanza kisha ncha, halafu ujaze nafasi zilizobaki, ukibana kwa nguvu. Gundi hii hushika papo hapo. Ikishashika hakuna kusogeza.

Unyevu wetu una tabia yake. Vimumunyisho vikiruka huipoza gundi, na hewa yenye maji mengi ikiigusa, ukungu mweupe hutanda juu yake. Ukibana wakati huo, ushono utaonekana mzima na utaachia siku ya kuvaa. Kwa hiyo gundisha mchana, jua likiwa limepanda, si alfajiri wala usiku ambapo unyevu uko juu zaidi. Wakati wa masika, Aprili na Mei, subiri muda mrefu zaidi mpaka weupe uondoke, na ikibidi paka tabaka la pili. Mvuke wa gundi hiyo hushika moto na huumiza kichwa: hakuna jiko, hakuna sigara, hakuna bloa karibu na kopo lililo wazi, na usifanyie chumbani unakolala.

Kufunga mwilini

Watu humaliza povu, wakafurahi, kisha wakabandika velkro mbili na kuita kazi imekwisha. Deraya inayoning'inia kwenye velkro itateremka polepole kutwa nzima, na utashinda ukiipandisha kama mtu aliyekosa mshipi.

Kanuni yangu ni moja: kila kitu cha juu kinabebwa na kizibao, kila kitu cha chini kinabebwa na mkanda wa kiunoni. Kizibao hicho ni cha turubai jepesi, wazi mbavuni, kimeshonwa kukubana mabegani na kuachia kwingine. Kifua na mgongo hushikwa nacho kwa velkro pana juu, ili uweze kuvitoa ukafua kizibao. Mabega huning'inia kwa mkanda mmoja karibu na shingo, na lastiki moja huzunguka mkono chini ya bega. Ukiinua mkono, kipande kinateleza juu ya kifua badala ya kukupiga taya.

Mpe kazi hii fundi wa mabegi. Sindano yake inapita kwenye turubai na mkanda bila taabu, na ana elimu ya uzito ambayo mimi na wewe hatuna. Nilimpelekea mmoja wa Mji wa Kale kizibao changu, nikamwambia, "Ami, naomba bizimu ikae hapa juu begani." Akauinua mkono wangu, akautazama kwapani, akautua.

"Begani itakusugua mfupa, mwanangu. Na utaifunguaje na mavazi haya? Iweke mbavuni, mkono uifikie bila kutafuta."

Akaiweka mbavuni, akashona mraba wenye msalaba ndani, na tangu hapo sijaona sababu ya kuihamisha.

Kubandika mkanda kwenye povu kuna namna yake. Mkanda hunywa gundi, kwa hiyo upake mara mbili. Sugua povu kwa msasa, bandika, kisha funika juu yake kipande cha turubai cha sentimita 5 kwa 8 kilichopakwa gundi pia. Mahali penye kuvutwa sana, pasua nafasi mbili kwenye povu, pitisha mkanda nje kisha ndani, ufiche mkanda unaoonekana kwa pambo.

Mapaja huning'inizwa kwa mikanda miwili kutoka mkanda wa kiunoni, mmoja mbele na mmoja ubavuni, ili yasizunguke. Mkanda huo ukae juu ya mfupa wa nyonga, si tumboni. Ukiwa mzito, ongeza suspenda zipitie ndani ya kizibao. Miundi ndiyo wakaidi kuliko wote. Iache iketi juu ya kiatu, iwe na mfano wa ulimi chini unaopumzika kwenye kamba za kiatu, na nyuma, penye shavu la mguu, iwe na lastiki mbili, siyo velkro tupu. Lastiki inafuata misuli unapotembea.

Sasa hewa. Ndani ya kifua na mgongo gundisha vipande vya povu vya unene wa sentimita 2, vimesimama wima, kimoja kila kiganja kimoja cha nafasi. Vinashika deraya mbali na mwili, na kati yake panabaki mifereji inayopanda kutoka kiunoni hadi shingoni. Hewa moto hupanda yenyewe ikitoka juu, mradi usizibe shingo. Chini ya mapambo yanayofanana na matundu ya injini, toboa matundu ya kweli, uyazibe kwa wavu mweusi kwa ndani.

Kuziba na kupaka rangi

Pasha uso mara moja tena, ukiepuka mishono, ili vitundu vizibe. Wengi hupaka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tabaka tatu au nne, na ni njia nzuri na rahisi. Ila gundi hiyo hulainika kwa maji, na jasho ni maji. Kwa ndani ya deraya usiipake kabisa, na kwa nje uifunike kwa vanishi ya akriliki isiyo na rangi. Kwa mabamba yanayojikunja, rangi ya mpira ya kupuliza ni bora ukiipata, kwa sababu haipasuki.

Juu yake rangi ya akriliki, tabaka nyembamba. Nakushauri rangi za mwanga: nyeupe, fedha, mchanga. Nyeusi inatisha vizuri kwenye picha, lakini chini ya jua la hapa itakuwa tanuri. Kuizeesha deraya, paka nyeusi iliyozimuliwa sana na maji, ipanguse kwa kitambaa ibaki kwenye mifereji tu, kisha gusa kingo kwa brashi kavu yenye fedha kidogo, pale ambapo chuma cha kweli kingekwaruzika: viwiko, ukingo wa kifua, vidole vya glavu.

Helmeti, feni na taa

Helmeti hutengenezwa kwa kiolezo kilekile cha selotepu, juu ya kofia ya kuogelea au kitambaa kilichofungwa kichwani. Acha nafasi ya kidole kizima kuzunguka kichwa, uijaze ndani kwa vipande vichache vya sponji, si kote. Kioo cha uso kitoe kwenye ngao ya plastiki wanayovaa mafundi wa grainda, na umpelekee anayeweka tinti kwenye magari akubandikie kipande. Kikikupa ukungu, paka tone la sabuni ya vyombo kwa ndani, upanguse kwa kitambaa kikavu.

Feni mbili ndogo za milimita 40, za volti 5: moja ivute hewa karibu na mdomo, nyingine iitoe kisogoni juu. Zote mbili zikivuta ndani, unazungusha joto lako mwenyewe.

Taa za LED nunua za volti 5. Zilizojaa madukani ni za volti 12, na pawabenki hutoa 5 kupitia USB, kwa hiyo hazitawaka ipasavyo. Pawabenki ya mAh 10,000 hukupa kama mAh 6,000 halisi kwenye volti 5, kwa sababu seli zake ni za volti 3.7 na baadhi ya umeme hupotea kwa kubadilishwa. Feni mbili na taa za kiasi zikitumia ampea 1 kwa jumla, una saa 6. Ukitumia feni moja tu bila taa, usishangae pawabenki ikijizima. Nyingi hudhani hakuna kilichounganishwa. Iweke mfukoni mwa mkanda, nje ya povu, kwani betri ya lithiamu hupata moto na hutakiwi kuifungia.

Na helmeti hii ni ya maonyesho. Usipande nayo bodaboda.

Siku yenyewe

Vaa kutoka chini kwenda juu: viatu, miundi, mkanda na mapaja, kizibao, mikono, mabega, helmeti mwisho. Uwe na mwandani ambaye hajavaa chochote cha povu, mwenye maji, simu yako na mkoba wa dharura. Kila nusu saa vua helmeti, kaa kivulini, kunywa. Dafu ni zuri kuliko soda. Leso iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikazungushwa shingoni chini ya kizibao, hufanya kazi kubwa kuliko feni. Mwandani akikuona umeanza kuyumba, unajibu maswali ovyo, unasikia kichefuchefu, au ngozi imekuwa moto na kavu, asibishane nawe: akate mikanda kama bizimu zinakawia, akumwagie maji na atafute msaada wa hospitali.

Kama kivuko cha Likoni kiko njiani, au unapitia lango lenye walinzi, beba deraya begini na uvae ukifika. Bunduki ya anga iwe na rangi za kitoto kabisa, machungwa au kijani, na ikae ndani ya mfuko. Usitumie kitambaa cha madoadoa cha kijeshi hata kidogo. Sheria ya Kenya haimruhusu raia kuvaa sare ya jeshi wala vazi linalofanana nayo, na askari hatakusikiliza ukimweleza kwamba jeshi lako ni la sayari nyingine.

Katika mkoba wa dharura weka gundi ndogo iliyofungwa vizuri, velkro, lastiki, pini kubwa, selotepu ya kitambaa, mkasi na bizimu mbili. Bizimu ndizo huvunjika kwanza.

Ukirudi nyumbani

Tenganisha vipande vyote siku ileile, hata kama umechoka. Kizibao na nguo za ndani kwenye maji ya sabuni. Povu kwa ndani upanguse kwa kitambaa chenye spiriti, kisha uache upepo upite usiku kucha. Ukifungia deraya yenye jasho kwenye sanduku, koga litaota kabla ya wiki kwisha.

Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto la humo hulegeza povu na gundi kwa pamoja, na kifua ulichokikunja juu ya sufuria kitalala bapa kama mkeka. Nyumbani, tundika kizibao na kifua chake kwenye hanga pana, na mikono na miundi uivike juu ya chupa tupu za maji za lita 2, zisimame wima, mbali na dirisha.